Jinsi ya kutumia "get" bila kukwama: hatua kwa hatua kwa anayeanza Kiingereza

Kila wiki lazima niulizwe swali hili, na kila wiki linakuja kwa sura mpya. "Mwalimu, get maana yake si kupata? Sasa mbona hii sentensi haikai?" Mwingine ananitumia "I get tired" anauliza kwani uchovu nao unapatikana wapi. Nimejibu moja moja mpaka nimeona bora niandike yote sehemu moja, ukikwama urudi hapa.

Kilichonisukuma zaidi ni dada mmoja niliyemfundisha kabla hajaenda kufanya kazi Muscat. Wiki ya pili tu baada ya kufika akanipigia simu, sauti imenyongea. Kengele ililia, mama mwenye nyumba akamwambia "Get the door, please", yeye akabaki amesimama anawaza apate mlango gani tena wakati mlango upo palepale. Alitakiwa aende kufungua tu. Neno lenyewe alikuwa analijua, kwenye daftari lake limeandikwa "get = pata", na aliyemwandikisha hivyo ni mimi. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo sifundishi tena get kwa maana moja, nafundisha njia ya kuisoma, na ndio njia nitakayokupa hapa.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Daftari dogo la kubeba mfukoni. Simu sawa pia ila ukiandika kwa mkono inakaa zaidi kichwani.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi. Za bure ziko kibao mtandaoni, chagua yenye alama ya spika ili usikie matamshi. Ile ya Kiingereza-Kiswahili usiitupe, ila usiitegemee peke yake kwa neno hili.
- Kitu cha kusikiliza dakika kumi kila siku. Mahojiano ya wachezaji baada ya mechi ni mazuri sana kwa kazi hii, watu wale wanaongea Kiingereza cha kawaida na get inatoka mdomoni kila baada ya pumzi mbili.
- Kiswahili chako. Hiki wengi wanakiacha nje ya mlango wakianza kujifunza Kiingereza, na ndicho kitakachokuokoa, utaona hatua ya 4.

Asili yake kwa ufupi

Sitakaa sana hapa, ila kuna mambo matatu yatakusaidia baadaye. Get sio neno la Waingereza wa kale moja kwa moja, lilikuja na watu wa Skandinavia, wale Vikingi waliovamia pwani ya Uingereza, shambulio linalotajwa sana ni la mwaka 793 kwenye nyumba ya watawa pale Lindisfarne. Baadaye hawakuja kuvamia tu, walihamia, wakalima, wakaoa. Miji kama Grimsby, Whitby na Derby ile "by" ya mwishoni ni neno lao, maana yake kijiji au makazi. Kwenye lugha yao kitenzi kilikuwa "geta", yaani kupata, na karibu mwaka 1200 tunaanza kukiona kwenye maandishi ya Kiingereza. Na sio get peke yake, hata "take", "they" na "window" walileta wao. Usishangae lugha kuazima hadi vitenzi vya kila siku, sisi wenyewe tunasema kusafiri, kujibu, kufikiri, na vyote vimetoka kwenye Kiarabu na hakuna anayeviona wageni.

Sasa yale matatu. La kwanza, kwa sababu ni neno la Kiskandinavia ile "g" inatamkwa kama g ya "gari", sio j, japo mbele yake kuna e. Waingereza wa kale walikuwa na neno ndugu na hilo ambalo g yake ilikuwa imelainika ikawa kama "y", lile halikusimama peke yake, lilikuwa linakaa ndani ya maneno mengine, na humo limebaki. La pili, ndio maana "forget" na "get" zinabadilika kwa namna inayofanana: forget, forgot, forgotten. La tatu, "beget" maana yake kuzaa, na kama umewahi kufungua Biblia ya King James ya 1611 ukaona "begat, begat, begat" kwenye ule ukoo wa Mathayo sura ya kwanza, pale kwetu tunasoma "akamzaa, akamzaa", basi ni ukoo huohuo.

Inatosha, tuingie kazini.

Hatua ya 1: Nyoosha matamshi na maumbo yake

Maumbo ni haya: get, got, got. Marekani umbo la tatu wanasema "gotten". Yote mawili ni sahihi, chagua moja ubaki nalo.

Tamka "get" kwa kukata mwishoni, usiongeze i. Ukisema "geti" sisi wote tunasikia geti la nyumba, na "got" ukiitamka "goti" umerudi kwenye mguu. Midomo yetu imezoea kila neno liishe na irabu kwahiyo hili linahitaji mazoezi ya kweli. Sema get, get, get huku umeweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu alafu usiuachie. Na ukisikia Mmarekani anasema kitu kama "gerit" usidhani ni neno jipya, ni "get it", wao t ikikaa katikati ya irabu mbili inalainika.

Hatua ya 2: Funika "get", angalia kinachofuata

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote, ukiondoka na hii tu nimeridhika. Get peke yake haina maana moja ya kushika. Maana inaamuliwa na kitu kinachokaa baada yake. Kwahiyo ukikutana na sentensi, weka kidole juu ya get, jiulize: mbele yake kuna nini?

- Kuna kitu (nomino)? Nenda hatua ya 3.
- Kuna sifa, kama tired, old, cold? Hatua ya 4.
- Kuna mahali? Hatua ya 5.
- Kuna kitenzi cha umbo la tatu, kama paid, stolen, married? Hatua ya 6.
- Kuna mtu au kitu, alafu baada yake tena kuna kitenzi? Hatua ya 7.
- Kuna "to" na kitenzi? Hatua ya 8.
- Kuna kaneno kadogo kama up, over, along? Hatua ya 9.

Andika orodha hii ukurasa wa kwanza wa daftari.

Hatua ya 3: Get na kitu

Hapa ndipo "pata" inapofanya kazi, lakini haiko peke yake. "I got a job" ni nimepata kazi, sawa. "I got a letter" nimepokea barua. "Get me some water" niletee maji. "I'll get some bread on the way home" nitanunua mkate nikirudi. "I have to get the kids from school" natakiwa nikawachukue watoto shule. "I don't get this question" silielewi hili swali.

Ukiziangalia vizuri zote zina wazo moja chini yake: kitu hakikuwa mkononi, sasa kipo. Kama kimekuja chenyewe ni kupokea, ukitoa hela ni kununua, ukikifuata ni kuchukua, ukimfuatia mwingine ni kuletea, na kikiingia kichwani ni kuelewa. Usikariri sita, shika hilo wazo moja.

Kisha kuna za nyumbani na kazini, hizi zikariri kama zilivyo kwasababu ndizo zinazotutia aibu: "Get the door" fungua mlango, kuna mtu. "Get the phone" pokea simu. "I'll get it" nitaenda mimi, iwe simu au mlango. Na mkiwa hotelini mmeshakula, "I'll get this" maana yake nalipa mimi, kwahiyo shukuru.

Onyo, na hili nalisisitiza maana ndilo kosa namba moja kwa Waswahili: sio kila "pata" ni get. Tunasema nilipata ajali, alafu tunaandika "I got an accident". Kiingereza ni "I had an accident". Amepata mtoto: "She had a baby". Nilipata chakula cha mchana: "I had lunch". Nilipata shida njiani: "I had some trouble on the way". Na lingine linalofanana, nilimkuta amelala, mtu anaandika "I got him sleeping". Hapana, ni "I found him sleeping". Andika hizi tano kwa wino mwekundu.

Hatua ya 4: Get na sifa

Hapa ndipo nilisema Kiswahili kitakuokoa. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kuchoka ambacho watu wanakitumia kila siku, hakina kuzeeka cha kawaida, hakina kulowa, kwahiyo wanachukua sifa wanaisukuma na get. Sisi huo msukumo tayari upo ndani ya kitenzi:

kuchoka = get tired
kuzeeka = get old
kulowa = get wet
kukasirika = get angry
kulewa = get drunk
kunenepa = get fat
kuugua = get sick
kupona = get well
kushiba = get full
kuzoea = get used to
kujiandaa = get ready

Umeona? Hakuna "pata" hata moja. Ukitaka kumwambia mtu "anazeeka" usianze kutafuta neno gumu, ni "He's getting old", basi.

Sasa sikiliza, hapa kuna kitu sijawahi kuona kikifundishwa na kinaondoa makosa mengi mno. Angalia "-na-" na "-me-" zetu:

Ninachoka ni "I'm getting tired". Nimechoka ni "I'm tired".
Anazeeka ni "He's getting old". Amezeeka ni "He's old".
Chai inapoa ni "The tea is getting cold". Chai imepoa ni "The tea is cold".

Yaani kwa vitenzi vya namna hii, -na- inaonyesha hali iko njiani, hiyo ni get. Na -me- inaonyesha hali imeshafika, hiyo ni be, yaani am, is, are. Tatizo ni kwamba shuleni tuliambiwa -me- ni "have", kwahiyo mtu anaandika "I have tired", "I have satisfied", "The tea has cold". Nimeshiba ni "I'm full". Nimelewa, "I'm drunk". Ile sheria ya have inakubali kwenye vitenzi kama nimeandika, nimekula, nimefika, ila kwenye hali ya mwili na mabadiliko ya vitu inakudanganya.

Za hali ya hewa na muda nazo zinapita humuhumu. Giza linaingia, "It's getting dark". Baridi inaingia, "It's getting cold". Muda umeenda, "It's getting late".

Onyo: hapo kwenye late kuwa makini. "It's getting late" sawa, muda ndio unaenda. Lakini wewe kuchelewa kazini usiseme "I got late", huku kwetu wengi wanasema hivyo ila kwenye intavyuu au kwenye meseji kwa bosi mgeni andika "I was late", na nitachelewa ni "I'll be late".

Hatua ya 5: Get na mahali

Mbele kuna mahali, maana ni kufika. "What time did you get to Mombasa?" ulifika Mombasa saa ngapi. "We got to the bus station at six" tulifika stendi saa kumi na mbili, na kumbuka saa zao na zetu zinatofautiana kwa masaa sita, hilo limeshawakosesha watu mabasi.

Kuna "to" kabla ya mahali, isipokuwa home, here na there. "Get home", "get here", "get there", bila to. "I got to home" ni kosa.

Za vyombo vya usafiri: basi, daladala, matatu, treni, ndege, boti kubwa na pikipiki ni "get on" kupanda na "get off" kushuka. Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Ukitaka kuikumbuka, jiulize kama ukiwa ndani unaweza kusimama wima na kutembea. Unaweza? On na off. Unainama ili uingie? In na out of. Boda na baiskeli unakaa juu yake kwahiyo on.

Hatua ya 6: Get na kitenzi cha umbo la tatu

Hii ni "-wa" yetu ya kutendwa, na mara nyingine "-ka" ya vunjika na mwagika. "He got fired" alifukuzwa kazi. "We got paid yesterday" tumelipwa jana. "She got hurt" aliumia. "We got stuck in traffic" tulikwama kwenye foleni. "The glass got broken" glasi ilivunjika.

Utauliza, kwani "was paid" haifai? Inafaa. Ila get inaonyesha tukio, kitu kilitokea, wakati be inaweza kuwa tukio au hali. Linganisha: "They were married in 2015" inaweza kumaanisha mwaka huo walifunga ndoa, au kwamba mwaka huo walikuwa tayari ni mke na mume. "They got married in 2015" hakuna mjadala, ndoa ilifungwa 2015. Kwenye maongezi watu wanapenda get, kwenye ripoti na barua wanapenda be.

Na hapohapo kwenye ndoa: sisi tuna kuoa na kuolewa, Kiingereza hawatofautishi. "He got married", "she got married", sawa sawa. Mtu aliyemuoa unaweka kwa "to", sio "with": "She got married to a teacher".

Onyo: get hapa haifanyi kazi kama am, is, are. Ukiuliza unahitaji do. "Did you get paid?" na "I didn't get paid". Usiandike "Got you paid?" wala "I was got robbed", hiyo ya mwisho nimeiona mara nyingi, mtu anaweka zote mbili kwa usalama. Chagua moja.

Hatua ya 7: Get, alafu mtu au kitu, alafu kitenzi

Hapa pana njia mbili.

Njia ya kwanza ni kumfanya mtu akubali kufanya jambo, kwa kumshawishi, kumbembeleza, kumlipa. "I got him to lower the price" nilimbembeleza mpaka akapunguza bei. Usisahau "to". Ukitumia "make" hiyo to inatoka na maana inakuwa ya kulazimisha: "They made him leave". Get ina mazungumzo ndani yake, make ina nguvu.

Njia ya pili ni kitu kufanyiwa kazi na mtu mwingine, hapa kitenzi kinakuwa umbo la tatu. "I got my hair cut" nimenyoa, yaani kinyozi ndiye aliyeninyoa. "I need to get my phone fixed" natakiwa nikatengenezeshe simu. Ukisema "I cut my hair" mtu ataelewa umeshika mkasi mwenyewe. Ni ile "-sha" yetu, kushonesha nguo ni "get clothes made", fundi anashona wewe unalipa.

Na mambo mabaya yanaingia hapahapa: "I got my phone stolen". Angalia jinsi Kiswahili kinavyopanga: niliibiwa simu. Mimi mwanzoni, simu pale, wizi umenipata mimi. Mpangilio unakaribiana kabisa, kwahiyo usiseme "I was stolen my phone" maana hiyo haipo. Kama unaona ngumu, sema "My phone was stolen" na umemaliza.

Hatua ya 8: Get to na kitenzi

"I got to meet the coach" nilibahatika kukutana na kocha. Ni nafasi, ni bahati, ni ruhusa. "Do you get to go home in December?" mnapata nafasi ya kurudi nyumbani Desemba?

Lakini "I've got to go" ni lazima niende. Tatizo ni kwamba kwenye maongezi ile 've inamezwa, unasikia "I got to go" au "I gotta go". Utajuaje? Angalia wakati. Kama anaongelea sasa au baadaye, ni lazima. Kama anasimulia kilichopita na amefurahi, ni bahati.

Hatua ya 9: Jifunze vifungu kumi tu

Viko vingi sana hivi, usijaribu kuvimaliza. Anza na hivi:

1. get up: kuamka kitandani, kusimama
2. get back: kurudi
3. get along with: kuelewana na mtu
4. get over: kupona, au kuacha kuumia moyoni
5. get by: kujikimu, ile tunayosema tunasukuma siku
6. get through: kuvuka kipindi kigumu, au simu kuingia
7. get away with: kukosa bila kuadhibiwa
8. get rid of: kuondoa, kuachana na kitu
9. get together: kukutana
10. get back to someone: kumjibu mtu baadaye

Namba 10 ishike. Ukitoka kwenye intavyuu ukaambiwa "We'll get back to you", hawajasema umepata kazi na hawajasema umekosa, wamesema watakujibu. Kuna mtu aliaga kijijini kwao kwa sentensi hiyo, akijua amepata.

Vitatu kwa siku vinatosha, na kila kimoja kitungie sentensi ya maisha yako mwenyewe. Sentensi ya John na Mary haikai, sentensi ya shangazi yako na mwenye nyumba wake inakaa.

Hatua ya 10: Jua wapi uipunguze

Barua ya maombi ya kazi, insha ya mtihani, ripoti, huko get ikiwa nyingi inaonekana ya kijiweni. Badilisha: kupokea ni receive, kupata kwa juhudi ni obtain, kuwa ni become, kufika ni arrive. "I received your letter" badala ya "I got your letter".

Ila usivuke mpaka ukaanza kuongea hivyo na watu. "I obtained a taxi and arrived home" mezani kwa marafiki inakaa kama hotuba. Kwenye maongezi tumia get bila woga, wenye lugha yao wanaitumia kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Ukikwama

*"I've got a car" ni nimepata gari au nina gari?* Ni nina gari. Have got ni have tu. Mmarekani akitaka kusema nimepata atasema "I've gotten", na hapo ndipo ile gotten inakuwa na faida. Mwingereza ataachia mazingira yaeleze.

*Nikiona "She's got", ile 's ni is au has?* Ni has. Kabla ya got daima ni has. Kabla ya getting ni is: "She's getting better".

*Nimeelewa niseme "I get it" au "I got it"?* "I get it" naelewa maana yake. "Got it" ni nimekupata, ile ya kujibu maelekezo. Bosi akikuelekeza kazi sema "Got it".

*Nimemwambia mtu habari nzuri akaniambia "Get out!", ananifukuza?* Kama macho yamemtoka na anatabasamu, anasema acha wewe, siamini. Kama amekunja uso, toka kweli.

*Nimefuata hatua zote na sentensi bado haieleweki.* Mara nyingi inakuwa kuna kaneno kadogo kamejificha mbali kidogo na get. "He never got his father's death over" huwezi kuikuta, lakini "I'll get the money back" utaikuta, back imekaa mwisho baada ya kitu. Soma sentensi mpaka nukta ndio uamue. Kama bado, tafuta kifungu chote kwenye kamusi, sio get peke yake.

Jipime

Funika majibu. 1. Giza linaingia, turudi nyumbani. 2. Niliibiwa simu sokoni. 3. Nimeshiba. 4. Alipata ajali. 5. Tulishuka kwenye basi. 6. Nilimbembeleza mama mpaka akaja. 7. Naelewana na jirani yangu. 8. Umeshalipwa?

Majibu: 1. It's getting dark, let's get home. 2. I got my phone stolen at the market. 3. I'm full. 4. He had an accident. 5. We got off the bus. 6. I got my mother to come. 7. I get along with my neighbour. 8. Have you been paid? Ukiandika "Did you get paid?" nakupa pia. Ukikosa ya 3 au ya 4, rudi kwenye wino mwekundu na hatua ya 4, usiendelee na vile vifungu kumi mpaka hizo mbili zitoke bila kufikiri.